Kigoma hadi Vancouver: ni kilomita ngapi, na kwa nini tiketi inaonyesha saa moja tu kutoka Amsterdam?

Mama Neema, Mwanga, Kigoma

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kusafiri mbali au anayeelewa mambo ya ndege, kwa sababu tangu juzi nina karatasi moja mkononi na kila ninapoirudia inanichanganya zaidi.

Binti yangu wa pili amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika mji wa Vancouver, upande wa magharibi wa Kanada, na ataondoka mwezi wa Agosti, Mungu akipenda. Wakala wa tiketi ametuletea ratiba, nami naiandika hapa kama ilivyo. Alhamisi ataruka kutoka Kigoma 14:00 na kutua Dar es Salaam 16:00. Siku hiyohiyo ataondoka Dar es Salaam 23:00 na kufika Amsterdam Ijumaa 07:00. Kisha ataondoka Amsterdam Ijumaa 14:00 na kufika Vancouver Ijumaa hiyohiyo 15:00.

Ninapokwama ni pale mwisho. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, ndani ya nchi moja, wameandika saa mbili. Kutoka Ulaya mpaka mwisho wa Kanada, kuvuka bahari nzima na bara zima, wameandika saa moja. Nimemrudia wakala akanijibu kwamba ndivyo mtambo ulivyotoa na kwamba nisiwe na wasiwasi, lakini wasiwasi haukuondoka. Nimesafiri kwa treni kutoka hapa hadi Dar es Salaam mara nyingi, kilomita 1,254 za reli, na najua umbali unavyousikia mwilini: unalala, unaamka, Tabora imeshapita, na bado usiku mwingine unakungoja. Siwezi kuamini kwamba bahari ya Atlantiki inavukwa kwa muda ambao treni yetu haijamaliza vituo vichache.

Ninachoomba kujua ni haya. Umbali wa kweli ni kilomita ngapi? Mtoto atakuwa njiani kwa saa ngapi tangu aniage hapa uwanjani? Na atakapotua huko, huku Kigoma itakuwa saa ngapi, ili nijue ni wakati gani nikae karibu na simu? Baba yake ameitazama ramani ya ukutani na anasema njia fupi ingekuwa kunyoosha magharibi, kuvuka Kongo na bahari, kwa hiyo haelewi kwa nini wanampeleka kaskazini. Shemeji yangu naye anasema afadhali angepitia Dubai kwa sababu ni karibu na kwetu. Nawasikiliza wote wawili na sijui nimfuate nani.


Mwalimu wa Jiografia, Ujiji

Mama Neema, hongera sana kwa binti. Swali lako ni zuri, nami nitalijibu kwa urefu kidogo kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza hilohilo kila mwaka, na jibu lake liko hapahapa Kigoma kabla hatujafika Amsterdam.

Ratiba haijakosewa. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule uliotajwa kando yake. 14:00 ya Amsterdam ni saa ya ukutani ya watu wa Amsterdam, na 15:00 ya Vancouver ni saa ya ukutani ya watu wa Vancouver. Ukitoa moja kwenye nyingine hupati muda wa safari, kama vile usivyoweza kutoa shilingi kwenye faranga ya Burundi bila kuzibadilisha kwanza.

Kumbuka mwezi wa Ramadhani. Hapa Ujiji tunaisikia redio ikitoa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam huku jua letu bado linaonekana juu ya ziwa, na hakuna anayegusa tende. Tunangoja zaidi ya nusu saa. Sababu ni kwamba Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya karibu digrii 39 mashariki na sisi tuko kwenye karibu digrii 29 na nusu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa kila dakika nne. Digrii tisa na nusu zilizo kati yetu na Dar es Salaam ni takriban dakika 38, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Serikali imetupa saa moja nchi nzima ili shughuli ziende pamoja, lakini jua halikuomba ruhusa ya mtu. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45, ambayo hata haipiti katika nchi yetu, bali hupita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana jua la utosini hapa Kigoma huwa karibu na saa saba mchana, si saa sita. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie, na jirani zetu wa Bujumbura, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Wafanyabiashara wa Kibirizi wanalijua hilo bila kufundishwa na mwalimu yeyote: boti ikiondoka hapa saa mbili asubuhi, ng'ambo huwa ni saa moja.

Sasa endelea na hesabu hiyohiyo kuelekea magharibi. Mwezi wa Agosti, Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja, na Vancouver iko nyuma yetu kwa saa kumi. Kati ya Amsterdam na Vancouver, kwa hiyo, kuna tofauti ya saa tisa. Ndege inayoondoka Amsterdam 14:00 na kuruka saa kumi kamili hutua wakati saa ya Amsterdam inasoma 24:00, usiku wa manane. Ukitoa saa tisa unapata 15:00 ya Vancouver, kama tiketi ilivyoandika. Saa moja unayoiona ni saa kumi za angani ambazo tisa zake zimefichwa na tofauti ya majira.

Njia ninayowashauri wazazi wote ni kuchukua kalamu na kuibadilisha ratiba nzima iwe saa ya nyumbani, tena kwa saa zetu za Kiswahili, kabla ya kupiga hesabu yoyote. Nakufanyia hapa. Ataondoka Kigoma Alhamisi saa nane mchana na kutua Dar es Salaam saa kumi jioni. Atangoja saa saba. Ataruka kutoka Dar es Salaam saa tano usiku na kutua Amsterdam Ijumaa ambapo huko ni saa moja asubuhi, lakini kwetu ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo ameruka saa tisa, si nane. Atangoja saa saba tena. Ataondoka Amsterdam wakati kwetu ni saa tisa alasiri, na atatua Vancouver wakati kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi. Tangu saa nane mchana ya Alhamisi hadi saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi ni saa 35. Saa 21 kati ya hizo atakuwa ndani ya ndege tatu, na saa 14 atakuwa ameketi viwanjani. Siku yake ya Ijumaa itakuwa na saa 34 badala ya 24.

Jambo moja zaidi ambalo napenda binti alijue ili alitazame. Kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 835 kwa saa, ambayo ni nusu ya kasi ya hapa karibu na ikweta. Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Maana yake ni kwamba ndege inayoelekea magharibi kwenye latitudo hizo za juu hukimbia sambamba na jua, na jua huonekana kama limesimama. Atapanda ndege Amsterdam mchana, ataruka saa kumi, na atashuka ikiwa bado alasiri. Mwambie akae dirishani akiweza.


Msafiri wa Isevya, Tabora

Mwalimu ameeleza vizuri sana, nami naongeza jambo lililonigharimu, nisingependa limpate mtoto wa mwenzangu.

Miaka michache iliyopita nilikatiwa tiketi ya kwenda Mumbai kumpeleka mzazi wangu kwenye matibabu. Tiketi iliandikwa Jumatano, 00:40. Namna tunavyozungumza nyumbani ilinichanganya. Kwetu sisi siku huanza jioni jua linapozama, na ukimwambia mzee yeyote wa Tabora "usiku wa Alhamisi" anaweza kuelewa ule usiku unaotangulia mchana wa Alhamisi. Katika kuwaza huku na huku, nikaona kwamba "Jumatano usiku" ni ule usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Tukafika uwanjani Jumatano saa tatu usiku, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, tukaambiwa ndege yetu ilikwisha kuondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Kwa hesabu ya tiketi, siku mpya huanza saa sita kamili za usiku, kwa hiyo 00:40 ya Jumatano ni ule usiku wa kuamkia Jumatano, na tulitakiwa kuwa uwanjani Jumanne jioni. Tulilala Dar es Salaam siku tatu tukitafuta nafasi nyingine, na fedha iliyotumika ilikuwa ya dawa.

Tiketi ya binti yako inasema 23:00, kwa hiyo ya kwenda iko salama. Lakini itazame ile ya kurudi, na mashirika hubadilisha ratiba. Wakiisogeza 23:00 mbele kwa saa moja na nusu tu, itakuwa 00:30 na tarehe itakuwa nyingine kabisa. Nilichojifunza ni kuandika kwa maneno marefu, "usiku wa kuamkia Ijumaa", kwenye karatasi inayobandikwa mlangoni, na kumsomea kila mmoja nyumbani.

Pia hakikisha safari yote imekatwa kama tiketi moja kuanzia Kigoma. Ndege yetu ya huku wakati mwingine hupitia Tabora, na mvua au ukungu ukitokea huchelewa. Ikiwa ni tiketi moja, mzigo huandikishwa hadi mwisho wa safari na shirika hubeba jukumu la kumtafutia ndege nyingine akichelewa kuunganisha. Zikiwa tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, kuchelewa ni kwake mwenyewe. Saa saba za Dar es Salaam zinatosha vizuri, hata kama atalazimika kuhama jengo, kwa kuwa Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019 ndilo la safari za kimataifa.


Mpanga Njia, mzaliwa wa Kasulu

Shikamoo mama. Nimefanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa miaka kadhaa nje ya mkoa wetu, na nimefurahi kuona swali hili likitoka nyumbani. Mwalimu ameshamaliza habari ya saa. Mimi nijibu habari ya kilomita na habari ya baba na shemeji.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni takriban kilomita 1,080, pungufu kuliko reli kwa sababu ndege haizunguki milima wala kufuata vituo. Ndege ya pangaboi inaimaliza kwa karibu saa mbili. Kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam ni takriban kilomita 7,340. Kutoka Amsterdam hadi Vancouver ni takriban kilomita 7,710. Jumla tangu Dar es Salaam ni kilomita 15,050, na ukiongeza kipande cha Kigoma ni kilomita 16,130. Ili uone ukubwa wake, mzunguko mzima wa dunia ni kilomita 40,000, kwa hiyo sehemu mbili zilizo mbali kabisa haziwezi kupita kilomita 20,000. Binti atavuka zaidi ya robo tatu ya umbali mkubwa kuliko wote uwezekanao duniani.

Kuhusu baba. Anachosema kinaonekana kweli kwenye ramani ya ukutani, nami sikatai macho yake, ila ramani ile imemdanganya. Dunia ni tufe, na huwezi kulibandika tufe ukutani bila kulivuta. Ramani ya aina aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569, ambayo bado iko kwenye kuta nyingi za shule na ofisi, huvuta nchi za kaskazini hadi Greenland ikaonekana sawa na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa mara 14. Kwenye ramani ya namna hiyo mstari mnyoofu si njia fupi. Njia fupi kati ya miji miwili hupatikana kwa kuchukua tufe halisi na kuvuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi huo hufuata kinachoitwa duara kuu, na kila digrii moja ya duara kuu ni takriban kilomita 111.

Nimeipiga hesabu ya Dar es Salaam na Vancouver. Pembe kati yake ni digrii 135, sawa na kilomita 15,030 kwa njia fupi kabisa. Na uzi huo, mama, hauelekei magharibi. Unatoka Dar es Salaam ukielekea karibu kaskazini moja kwa moja, umeinama kidogo tu upande wa magharibi, kama digrii 16. Unapita karibu kabisa na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, unapanda hadi karibu latitudo ya digrii 74 kaskazini, kisha unashuka upande wa pili wa dunia kupitia Kanada ya kaskazini hadi Vancouver. Ukivuka Kongo na Atlantiki kama baba anavyopendekeza, utakuwa unazunguka tufe kwa kiuno chake ilhali ungeweza kupita karibu na utosi.

Linganisha sasa zile namba mbili: njia fupi kabisa ni kilomita 15,030, na njia ya binti yako kupitia Amsterdam ni kilomita 15,050. Tofauti ni kilomita 20 tu au zaidi kidogo, ingawa Amsterdam iko karibu kilomita 600 kando ya ule uzi. Katika kazi yangu nimeona ratiba nyingi za kuunganisha, na ni nadra sana kuona kituo cha katikati kisichoongeza karibu chochote.

Shemeji naye yuko sahihi kwamba Dubai ni karibu na kwetu, takriban kilomita 3,980 kutoka Dar es Salaam. Lakini ukaribu wa kituo cha kwanza haumsaidii anayekwenda mbali. Dubai iko kaskazini mashariki, na Vancouver iko upande mwingine wa dunia. Akipitia Dubai kisha Toronto, atafanya kilomita 11,080 kutoka Dubai hadi Toronto na nyingine 3,350 kuvuka Kanada. Jumla inakuwa kilomita 18,410, yaani 3,360 zaidi ya njia aliyopewa, karibu sawa na kwenda Dar es Salaam kutoka Kigoma mara tatu. Kuna hata wanaopitia Guangzhou, kwa kuwa Air Tanzania inakwenda huko moja kwa moja. Hiyo ni kama kilomita 8,710 na nyingine 10,200, na anayefuata njia hiyo huvuka mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki, mahali ambapo tarehe hubadilika, na kufika Vancouver saa iliyo nyuma ya ile aliyoondokea Guangzhou, siku ileile. Namtajia mwalimu hilo kwa ajili ya wanafunzi wake.

Lazima niseme kwamba kilomita hizi ni za uzi. Ndege halisi huruka zaidi kidogo, kwa sababu hufuata njia za anga zilizopangwa na hukwepa maeneo fulani. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, mashirika mengi yanaikwepa anga ya nchi hiyo, na ndege za Afrika Mashariki kwenda Ulaya huzunguka kandokando yake. Kwa mashirika ya Ulaya yanayokwenda Asia ya mashariki hali ilikuwa nzito zaidi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwao mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka saa tisa hivi ikafika kama saa 13, ilhali miji yenyewe haikusogea hata hatua moja. Umbali wa ramani na umbali wa safari ni vitu viwili.


Kijana wa Gungu

Shikamooni wakubwa. Naomba niulize hapohapo. Ikiwa ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, kilomita 7,710 zinahitaji kama saa nane na nusu. Kwa nini Amsterdam hadi Vancouver ni saa kumi? Na je, kurudi ni muda uleule? Pia, kama njia fupi ni kilomita 15,030, kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja?


Mpanga Njia, mzaliwa wa Kasulu

Marahaba, mdogo wangu. Umepiga hesabu vizuri, na pengo uliloliona lina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka langoni hadi inaposimama langoni kule. Katikati kuna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda hadi urefu wa kilomita 10 au zaidi, na kushuka taratibu mwishoni, na sehemu zote hizo haziendi kilomita 900 kwa saa.

Sababu ya pili ni upepo. Kule juu, katika latitudo za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Wavuvi wetu wa dagaa wanajua maana ya kurudi nyumbani huku upepo ukikukabili usoni. Ndege inayokwenda magharibi hukutana na upepo huo kwa mbele, na inayorudi mashariki husukumwa nao mgongoni. Kwa hiyo kurudi kutoka Vancouver hadi Amsterdam huchukua kama saa tisa, pungufu ya kwenda. Tiketi ya kurudi, hata hivyo, itamtisha mama upya kwa upande mwingine: mtu akiondoka Vancouver 17:00 hutua Amsterdam 11:00 ya siku inayofuata, na saa za ukutani zitaonyesha saa 18. Ni saa tisa za ndege na tisa za tofauti ya majira.

Kuhusu ndege ya moja kwa moja, umbali wenyewe si muujiza tena. Safari ndefu kuliko zote za ratiba kwa sasa ni ya Singapore hadi New York, zaidi ya kilomita 15,300, na huchukua zaidi ya saa 18 kwa ndege ya Airbus iliyotengenezwa mahususi kubeba mafuta mengi na abiria wachache. Dar es Salaam na Vancouver ziko karibu sana na umbali huo. Kinachokosekana ni abiria wa kuijaza ndege hiyo kila siku kati ya miji hii miwili. Ndege ya masafa hayo hubeba mafuta mengi ambayo sehemu yake huchomwa kwa kuyabeba mafuta yenyewe, na gharama hiyo hulipwa na tiketi. Kukusanya abiria wa Nairobi, Dar es Salaam, Accra na Johannesburg mahali pamoja kama Amsterdam, kisha kuwagawa upya, ni rahisi zaidi.


Mama Neema, Mwanga, Kigoma

Mwalimu, ndugu wa Tabora, na wewe mwanangu wa Kasulu, Mungu awabariki. Jana jioni tuliketi sebuleni na baba yake, tukaazima tufe dogo la shule kwa jirani, tukavuta uzi wa cherehani kutoka Dar es Salaam hadi Vancouver. Baba yake aliukaza mara tatu, na mara zote tatu uzi ulikwenda kaskazini. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mtoto ataona barafu akiwa angani.

Ratiba nimeiandika upya kwa saa zetu na kuibandika mlangoni, na mahali pa kutua Vancouver nimeandika "saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi". Ya kurudi nimeikuta inaondoka Amsterdam 10:30, kwa hiyo haina tatizo la usiku wa manane. Nimempigia pia wakala, amethibitisha kwamba ni tiketi moja tangu Kigoma.

Nina swali moja la mwisho. Akishafika na kuanza masomo, ni saa gani nzuri ya kumpigia bila kumwamsha wala kumtoa darasani? Na je, atachoka kwa siku ngapi?


Mwalimu wa Jiografia, Ujiji

Mama, kwa miezi ile ya mwanzo hesabu ni nyepesi: toa saa kumi. Saa mbili ya usiku hapa Kigoma, mkishakula, ni saa nne asubuhi Vancouver, na huenda yuko darasani. Saa mbili asubuhi hapa ni saa nne ya usiku wa jana yake kule, yaani ameshamaliza kazi zake na bado hajalala. Hiyo ndiyo saa ninayokushauri, hasa Jumamosi asubuhi, ambapo kwake ni Ijumaa usiku na kesho yake hana masomo.

Kuhusu uchovu, mwili una saa yake ya ndani inayofuata mwanga wa jua, nayo haibadiliki kwa siku moja. Huisogelea saa ya mahali papya taratibu, na kwa wengi ni kama saa moja kwa siku, kwa hiyo kwa tofauti ya saa kumi usishangae akikuambia wiki nzima imepita na bado anaamka saa tisa ya usiku akiwa na njaa ya ugali. Atakapofika itakuwa alasiri kwao na saa saba za usiku mwilini mwake. Ajitahidi asilale mpaka giza liingie, na asubuhi atoke nje apate mwanga. Ndani ya ndege anywe maji, na ainuke kutembea kila baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu huweza kugandisha damu.

Na mwambie baba yake kwamba barafu ipo. Njia fupi ya Amsterdam hadi Vancouver hupita juu ya Greenland, kwenye latitudo ya karibu digrii 70. Kusipokuwa na mawingu, baada ya kama saa nne tangu Amsterdam, ataiona chini yake nyeupe mpaka upeo wa macho.